Mwache Mwenye Gari Amalize Kusema

Ile Jumatatu bado naikumbuka, mwanangu. Kila nikimsikia kijana wa gereji anasema "hiyo gesi tu," inanirudia yote. Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, fundi wa AC za magari ya zamani hapa Temeke, na nilijiona nimeshamaliza kujua.

Asubuhi ile liliingia gari la Kijerumani, refu, rangi ya maziwa, lenye umri wa kunizidi mimi. Aliyeliendesha ni Bi Zuhura wa Mbagala, mama mtu mzima mwenye sauti ya chini. Pembeni yake alikaa shemeji yake, aliyekuja kumsindikiza tu. Mama nilimwamkia shikamoo, kisha maswali yote nikampelekea yule mwanamume. Ndivyo tulivyozoea pale gereji.

"Mie sijui kitu," akasema. "Muulize shemeji."

Bi Zuhura akaeleza. "Linapoa vizuri nikiwa nakwenda. Nikisimama kwenye foleni, linapuliza joto. Nikiondoka, linapoa tena. Kesho nampeleka mume wangu kliniki, na daktari kasema joto lisimpate."

Mumewe, Mzee Kassim, alikuwa mgonjwa wa moyo. Gari lile alilinunua ujanani, na kwenye kiti chake cha nyuma ndiko alikoweza kulala akanyoosha miguu. Vioo vya huko nyuma vilikuwa vimegoma kushuka, kwa hiyo hewa yake yote ilitegemea AC.

Mwenzangu Chande, akiwa chini ya gari jingine, akadakia: "Leo tumeletewa utabiri wa hali ya hewa."

Tukacheka. Mama hakucheka.

"Hiyo gesi tu, bi mkubwa," nikamwambia. Nikaongeza gesi, nikalizungusha gari mitaa miwili mitatu, baridi ikanipiga usoni, nikamrudishia ufunguo. Yeye alilalamikia kusimama, mimi nikalijaribu likiwa linakwenda. Wala sikuliona kosa hilo.

Kesho yake, kwenye foleni ya Barabara ya Kilwa, mpira wa gesi ukapasuka na AC ikafa. Jua lilikuwa la saa sita. Mzee Kassim akapoteza fahamu kwenye kiti chake. Wauza maji wa barabarani walisaidia kumtoa, wakamlaza kivulini mwa duka, wakampepea kwa vipande vya maboksi mpaka akafumbua macho. Alifika kliniki akiwa hai, alhamdulillahi.

Alasiri Bi Zuhura alilirudisha gari. Mzee Nassoro, mwenye gereji, ambaye siku iliyotangulia alikuwa msibani, alimsikiliza kisha akanigeukia. Hakupandisha sauti.

"Alipolileta alikwambia nini?"

"Alisema AC haipoi."

"Sivyo nilivyosema," Bi Zuhura akajibu. Akarudia maneno yake ya jana, neno kwa neno.

Mzee Nassoro akafungua boneti, akanionyesha rejeta ya AC iliyo mbele. "Gari likiwa linakwenda, upepo wa njiani unaipooza hii. Likisimama, inategemea feni." Akamwambia Chande awashe gari na AC. Feni ikabaki imelala. "Umeona? Na wewe ukaongeza gesi, presha ikapanda, mpira mkongwe ukashindwa. Huyu mama alikuletea jibu mkononi. Wewe ulikuwa unamtazama shemeji."

Nilibadilisha feni na mpira, nikajaza gesi kwa kipimo chake. Kisha Mzee Nassoro akanielekeza nikae kiti cha nyuma, vioo juu, gari limesimama juani likiunguruma. Nilikaa humo kama saa nzima. Lilibaki baridi.

Ijumaa, baada ya swala, nilikwenda Mbagala kuomba radhi. Mzee Kassim nilimkuta barazani, ameegemea mto.

"Kijana," akaniambia, "mke wangu huwa haongei neno la bure. Mie mwenyewe nilichelewa kulijua hilo, sembuse wewe." Akaniitishia chai. Upole ule uliniuma kuliko ambavyo matusi yangeniuma.

Basi, mwanangu, akija mtu na gari lake, mwache aseme mpaka amalize, hata kama hujapata kumsikia fundi yeyote akieleza hivyo. Yeye anaishi nalo; wewe unalikuta kwa saa moja. Mrudishie maneno yake, akikubali kwamba ndivyo alivyosema, ndipo ushike spana. Lijaribu katika hali ileile inayomsumbua, si katika hali inayokupa sifa. Usimpime mtu kwa sauti yake ndogo wala kwa baibui lake. Na ukikosea, nenda mwenyewe mlangoni kwake, usimtume mtu.

Mwenyezi Mungu akupe subira ya kusikiliza na mikono yenye heri. Kila mgonjwa atakayepanda gari lililopita mikononi mwako afike salama, na joto lisimpate. Amina.