Aliyenifundisha Kulaza Bahari

Siku ile naikumbuka vizuri, mwanangu, na mpaka leo nikiitaja naona haya. Nilikuwa msichana wa miaka ishirini na minne, na kwa mara ya kwanza picha zangu zilitundikwa katika ukumbi wa kanisa hapa Meru mjini. Upande mmoja niliweka mashamba ya chai ya huku kwetu na vilima vikavu vya Siakago. Upande wa pili ilikuwa bahari tupu, kwa sababu nilikuwa nimekaa mwezi mzima Mombasa kwa shangazi, nikarudi sina habari nyingine ila maji.

Watu wakaja, wakasifu, nami nikavimba. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na mimi langu nililitia mapema.

Mgeni mmoja, mwalimu wa sanaa chuoni, alisimama mbele ya bahari yangu kubwa kuliko zote. "Wengi wa huku milimani wakichora bahari, inainama kama shamba," akasema. "Hii yako imelala sawa kabisa. Ni nani alikufundisha?"

"Hakuna mtu," nikajibu. "Ni talanta tu, nilizaliwa nayo."

Uongo mtupu! Aliyenifundisha alikuwa amesimama hatua mbili nyuma yangu, amevaa suti yake ya kanisani, rangi ya buluu ingali kwenye kucha. Mzee Mutwiri alikuwa fundi wa kuandika mabango kule sokoni Gakoromone. Aliandika mabucha na vinyozi, na kwenye kuta za hoteli alichora bahari, maana wateja walipenda kula nyama wakitazama mawimbi. Miaka mitatu nilimshikia ngazi. Ndiye aliyenionyesha kuvuta uzi uliopakwa chaki kutoka msumari hadi msumari, kisha kuuachilia, pap! ukaacha mstari ulionyooka. Lakini mbele ya msomi yule niliona aibu kutaja mabucha. Ujana una mambo yake, nisamehe.

Mzee alinipa mkono. "Hongera, mwari wakwa," akasema, akiniita binti yake kwa Kimeru kama siku zote, kisha akaondoka bila kunywa chai.

Majuto ni mjukuu, ila wangu hakuchelewa kuzaliwa. Asubuhi nilimfuata sokoni, nikamkuta juu ya ngazi akiandika jina la duka la mbolea. Nikamwomba msamaha nikiwa pale chini, shingo imenipinda kwa kumtazama.

"Mimi jina yangu ikikosa si kitu," alisema bila kugeuka. "Lakini hata mimi nilifundishwa. Mzee Njeru wa Siakago ndiye alinipatia hiyo uzi, na hakuna mahali ameandikwa. Jana umezika wazee wawili, na mmoja bado hajakufa!"

Akacheka. Mimi nikalia, kwa maana kicheko kile kiliniuma kuliko kofi.

Maonyesho yalikuwa yafungwe Jumapili. Baada ya ibada ukumbi ulijaa, na msomi yule naye alikuwa amerudi kuchukua picha aliyoipenda. Nikasimama mbele yao wote nikasema kwamba siku ya kwanza niliwadanganya. Nilimtaja Mzee Mutwiri, nikataja na mabucha. Chini ya bahari ile nilikuwa nimebandika kadi yenye jina lake. Mzee, ambaye nilikuwa nimemwomba aje, akavaa miwani, akaisoma, akatikisa kichwa.

"Anza na Njeru," akasema.

Nikaandika upya: Njeru wa Siakago alimfundisha Mutwiri. Mutwiri alinifundisha mimi. Akaisoma polepole, midomo ikicheza, kisha akanishika mkono. Siku hiyo alikunywa vikombe viwili vya chai. Nimesifiwa mara nyingi tangu hapo, lakini furaha kama ile sijaipata tena, na namshukuru Mungu kwamba nilimwahi.

Basi, mwanangu, usisahau ubaharia kwa sababu ya unahodha. Ukiulizwa nani alikufundisha, mtaje, hata kama ni mtu wa viatu vya matope, na mtaje mbele ya wale wale unaotaka wakuheshimu. Tena usingoje matanga. Shukrani inayosomwa kaburini, mwenyewe haisikii.

Mungu aibariki mikono yako, akupe walimu wenye subira, na wewe ukifundisha, akujalie mwanafunzi atakayekutaja ungali hai.