Kigingi Juu ya Kaburi la Wafula

Sisi tuliokulia karibu na Misikhu miaka ile ya hamsini tuliijua stima kwa kuiona ikipita. Ilipita juu ya mahindi yetu, juu ya uwanja tuliochezea mpira wa majani ya migomba, ikaenda zake kwa masetla wa upande wa Kitale.

Kabla ya nyaya kulikuja vigingi. Siku moja tulitoka shule, vibao vyetu vya kuandikia kwapani, tukakuta watu wa kampuni ya stima wamepima shamba na kuondoka. Kigingi kimoja walikuwa wamekipiga pembeni mwa migomba, juu ya kaburi la mdogo wangu Wafula, aliyeuawa na surua mwaka uliotangulia.

Mama alikitazama kigingi kile, akatandika gunia kando yake, akaketi.

"Mama Nekesa, toka hapo," baba alimsihi, akimwita kwa jina langu. Alikuwa mwalimu na aliogopa kufutwa kazi. "Hawa ni watu wa serikali."

"Serikali ndiyo ilimzaa Wafula?"

Alikaa siku tatu. Mimi ndiye niliyempelekea ugali na mboga ya murere, na usiku baba alikaa naye. Wachimba mashimo walikuja, wakamwona, wakaketi chini ya mti wakivuta sigara. Karani wao alimpigia kelele kwamba ramani imeshachorwa Nairobi.

"Basi aliyechora aje achimbe mwenyewe," mama akasema.

Siku ya tatu alikuja mzungu wao na gari. Karani alieleza mambo mengi kwa Kiingereza bila kutaja kaburi hata mara moja. Hapo baba, ambaye sijawahi kumwona akimkatiza mtu, akamkatiza. "Kuna mtoto hapo chini, bwana. Ni wangu." Alisema kwa Kiingereza kile cha darasani. Mzungu akavua kofia. Kigingi kikang'olewa, kikasogezwa hatua nane.

Ati kampuni ingetuletea stima kama shukrani kwa nyaya kupita shambani mwetu! Baba alipanda basi kwenda Kitale kuuliza, akarudi. Akaenda tena. Faili halionekani, mhusika yuko likizo, jaza fomu upya. Alizijaza hadi akastaafu, akafa, na nyaya zinavuma juu ya paa lake. Hadi leo nikikumbuka nakasirika kama vile ni jana.

Stima ilikuja mimi nikiwa na mvi. Sasa ikikatika saa moja tu, wajukuu wananililia mimi bibi yao kama waliofiwa: "Kukhu, stima imepotea! Simu itazima!" Jamani! Sisi tulisoma kwa koroboi moja, vichwa vimegusana, moshi puani, mama akitusimulia hadithi huku akipukuchua mahindi. Siku hizi kila mtoto ana balbu yake chumbani na mlango kaufunga. Mimi nabaki sebuleni, mwanga umejaa kila pembe, na hakuna mtu wa kuongea naye.