Kiti cha Nyuma, Karibu na Mlango

Sijamsamehe yule mzee wa kanisa. Nikisema hivyo, wenzangu wa kikundi cha maombi hunitazama kana kwamba nimetema mate kwenye sufuria ya ugali. Wanitazame tu, macho ni yao.

Mama aliosha matumbo ya mbuzi kule machinjioni Kiamaiko tangu nikiwa mdogo. Kazi ile ina harufu, na harufu yenyewe haisikii sabuni wala ndimu. Unaoga, unabadilisha nguo, unajipaka mafuta, na bado ukiketi karibu na mtu anajua ulikotoka. Jumapili moja mama alikuwa ameketi safu ya pili, amejifunga kitambaa chake cheupe kichwani, yule mzee akamwinamia na kumwambia, tena kwa sauti ya kusikika: "Mama, kaa kule nyuma karibu na mlango, watu wasisumbuke." Mama akainuka, akaenda. Alikaa kule nyuma kwa miezi, kwenye kiti cha plastiki chenye mguu uliopinda, halafu akaacha kuja kabisa. Alipokufa, mzee yule yule alisimama getini akatuambia jeneza haliingii, eti marehemu alikuwa ameacha kuhudhuria ibada. Ameacha! Nani aliyemwachisha? Tulimwombea mama nje, kando ya mtaro, pikipiki zikitupigia honi tuzipishe.

Watu waliniuliza mbona sikuhama kanisa. Nihamie wapi? Nilikuwa namngoja.

Kanisa letu ni la mabati, hapa Tassia, limebanwa na maghorofa ya kupangisha hadi jua tunaliona saa sita tu. Kila mwaka, Alhamisi kabla ya Ijumaa Kuu, mchungaji hufundisha somo lile lile. Mwana wa Mungu alikuwa na enzi yote, hakuing'ang'ania. Aliiweka chini mwenyewe, akajimwaga, akazaliwa na mwanamke, akachoka na kuona njaa kama sisi, akawa mtumishi wa watu hadi kufa. Baada ya somo, wazee wa kanisa hupiga magoti na kuwaosha miguu waumini waliochaguliwa.

Sasa nikwambie tunavyofanya. Hakuna anayekuja kuoshwa akiwa na miguu michafu. Thubutu! Ni aibu kubwa. Miguu ya kuoshwa kanisani huoshwa kwanza nyumbani, ikasuguliwa visigino kwa jiwe, ikapakwa mafuta ikang'aa. Jirani yangu mmoja alipaka na kucha rangi. Mzee humwaga tone la maji, hugusa kwa taulo jeupe, basi, amekwisha kuwa mtumishi. Suti haipati hata doa.

Mimi siku hizi niko Kiamaiko, kwenye meza ile ile ya mama. Mwaka huu mchungaji alipouliza nani angependa kuoshwa, mkono wangu ulikuwa wa kwanza juu. Siku yenyewe niliacha buti zangu za mpira nyumbani nikaenda kazini na patipati. Nilikanyaga damu, nikakanyaga mavi ya mbuzi, nikasimama kwenye maji ya kuoshea matumbo hadi vidole vikakunjamana. Mwenzangu wa meza akaniuliza, "Wewe, buti zimeenda wapi?" Nikamwambia leo nina mgeni. Nilitoka pale moja kwa moja hadi kanisani, nikajifunga leso ndefu ya kufunika miguu, nikaketi kwenye foleni nikiomba Mungu asinipangie mzee mwingine.

Alikuja yeye. Akapiga magoti, akaweka beseni, nami nikapandisha leso.

Akaganda. Mwanamke aliyekuwa kando yangu akaziba pua kwa kitambaa. Mzee akatazama huku na huku, akamkuta mchungaji anamwangalia.

"Binti yangu, leo hukupata maji?"

"Maji nilipata, mzee. Miguu nimekuletea wewe."

Akaosha. Maji yakawa mekundu, yakawa ya matope, ikabidi aende kuyamwaga mwenyewe na kuchota mengine. Aliporudi nikamwambia bado katikati ya vidole. Nilisikia raha, sitadanganya, raha ya mtu aliyekula akashiba. Alipomaliza, nikamwinamia na kusema kwa sauti ya kusikika: "Mzee, mikono yako sasa inanuka. Kaa kule nyuma karibu na mlango, watu wasisumbuke."

Aliniangalia, na nikajua amemwona mama usoni mwangu. Akainuka polepole huku ameshika goti, akaenda, akaketi kwenye kile kiti cha plastiki.

Lau mambo yangeishia hapo, leo ningekuwa mtu mwenye furaha. Lakini Jumapili alikuwa pale pale. Kiti chake cha mbele, chenye mto, kilikaa kitupu. Jumapili nyingine, vile vile. Mchungaji alimwita, mzee akatikisa kichwa. Watu wakaanza kunong'ona kwa machozi, jamani, tazameni mzee alivyojishusha! Ala! Kumbe mimi nimemtafutia sifa! Nilichemka. Ibada ilipoisha nikamfuata.

"Mzee, rudi mbele kwenye kiti chako."

"Niache hapa, binti yangu. Hapa ndipo panaponifaa."

"Hapo si pako! Hapo ni pa mama yangu! Ulimnyima kila mahali humu ndani, na hapo napo unapachukua?"

Aliinuka, akatoa kitambaa mfukoni, akakipangusa kile kiti, akakisukuma vizuri mahali pake.

Jumapili iliyofuata nilimkuta amesimama kando yake. Kiti kitupu, yeye wima, mikono nyuma, na goti lake lile bovu, tangu wimbo wa kwanza hadi baraka za mwisho. Anasimama hivyo mpaka leo. Hakuna aliyemwamuru, na mimi nimeacha kugeuka kumtazama.

Nilitaka kumshusha kwa mikono yangu. Sasa kila nikitafuta mahali pa chini zaidi pa kumpeleka, namkuta ameshafika, na hilo halibadilishi kwamba mama yangu aliombewa mtaroni.