Moto Usiolazwa

Mair Probert aliweka kiganja ukutani kama mama anayepima homa ya mtoto. Baridi ikampanda hadi kwenye kiwiko. Mtambo wa kunyonya joto la Mto Teifi na kupasha kuta uliwekwa tangu vuli, lakini ile nyumba kongwe ya wazee, aliyokuwa mtunzaji wake, ilizidi kuwa kama kaburi. Kesho asubuhi mkaguzi angekuja. Akiikuta hivi, wazee wote wangehamishiwa mjini, mbali, na mmoja wao alikuwa Nesta, mama yake mzazi, ambaye kifua chake kilikwaruza kama mlango mbovu.

Mair alikwisha kuchokora majani yote kwenye chujio la mtoni. Fundi naye alisema mtambo ni mzima.

“Mto wenyewe una barafu kandokando,” Nesta alimcheka. “Joto litoke wapi? Unamkamua fahali, mwanangu.”

Jioni, Mair alirudi kuchukua skafu aliyoisahau. Akamkuta Nesta kwenye ujia, amepanda kigoda, kidole kwenye swichi ya mtambo.

“Mama! Unafanya nini?”

“Nazima. Leo zamu yangu.”

“Zamu?”

“Jana ilikuwa ya mzee mwenzangu Pugh. Watu wenye akili hawalali wakaacha moto unawaka. Bibi yako alifukia makaa kila usiku mpaka anakufa. Wewe ulilelewa wapi?”

Mair akamshusha kigodani. “Huu si moto, Mama. Ni vuguvugu tu, linatakiwa liende usiku na mchana. Mawe haya manene yanakunywa joto polepole. Mkizima, yanalitapika lote! Si niliwaambia msiiguse swichi?”

“Ulisema tusiongeze. Hatujaongeza. Tumezima.”

Mair akawasha. Akampigia fundi: kuta zitachukua muda gani kupata joto tena?

“Wiki nzima, dada. Labda zaidi.”

Akavuta kiti chini ya swichi, akaketi amevaa koti lake, kiganja ukutani. Nesta alimtazama usoni, akaacha kucheka. Akaenda kuleta blanketi, akajibana kando yake.

“Pugh akija kuzima, nitamng’ata.” Kikohozi kikamshika, kikamkunja. Kilipomwachia, naye akaweka mkono wake ukutani, karibu na wa binti yake.

“Ukuta unapata joto?”

“Bado, Mama.”

“Na sasa?”

Mair akavuta blanketi. Akamfunika mabega.