Nilimtisha Mdogo Wangu, Akakimbia Matibabu

Admin, jina langu liache pembeni, hapa Nyasubi tunajuana. Mimi ni bibi wa miaka sabini na tatu, mjukuu wangu ndiye ananiandikia.

Miaka ya themanini mwanzoni tuliishi karibu na Runzewe, mimi na mdogo wangu wa kike tumeolewa nyumba za jirani. Daktari mgeni akaja hospitali ya misheni, akatupima wote wawili mlango wa kizazi. Tukakutwa na mabadiliko. Akasema, "Bado si saratani, lakini tukiyaacha yatakuwa saratani. Tutayagandisha kwa baridi kali yafe."

Nikatangulia mimi, mkubwa. Sikuchomwa ganzi. Chuma cha kugandishia kilipogusa ndani nilisikia baridi, kisha tumbo likanisokota kama uchungu wa kuzaa, jasho likanitoka, nikataka kuzimia. Nesi alinishika mkono, "Vumilia, mayu, mama yangu, ni dakika chache tu." Wakapumzika kidogo, wakarudia. Nililia kwa sauti, na mdogo wangu alikuwa kwenye benchi nje ya mlango, anasikia.

Nilipotoka akaniuliza, "Dada, wamekufanya nini?"

Nilikuwa na hasira ya maumivu. Nikamjibu, "Bora nizae mapacha kuliko hiki. Humo wanaua mtu."

Akanitazama, akageuka, akaenda zake. Nesi alimwita mpaka getini. Mimi sikumwita.

Tumbo lilitulia jioni ile ile. Majimaji yalinitoka wiki kadhaa, basi, nikapona kabisa. Nilimwambia mdogo wangu, "Mbona mimi nimepona, nenda." Akasema, "Nilikusikia kwa masikio yangu." Msimu wa pamba ukatushika, sikumwambia tena. Baada ya miaka kadhaa akaanza kutoka damu. Alikufa ameacha binti wa miaka minne, nikamlea.

Binti huyo sasa ana watoto wake. Mwezi huu amepimwa, amekutwa na yale yale, na anaogopa kutibiwa. Juzi kaniuliza, "Mama, kwa nini mama mzazi hakutibiwa?" Nikamjibu hospitali ilikuwa mbali. Uongo mtupu, wanangu. Alikuwa ameshafika mlangoni.

Nikimweleza ukweli, pamoja na yale maumivu na jinsi yalivyopita, pengine atakubali kwenda, na pengine hataniita mama tena. Nikiendelea kumdanganya, nitamsindikiza kwa mdomo gani? Nishaurini, nifanyeje? Anatakiwa hospitali Jumatatu.