Safi na Fifi

Siku yangu ya kwanza kazini, kwenye gulio la pamba la Nkololo, Katibu wa ushirika alinionyesha mafungu mawili yaliyomwagwa chini. "Hii nyeupe ni safi. Hii yenye madoa ya mvua na wadudu ni fifi. Bwana Karani, kazi yako ni macho. Msimu ukianza, huna shangazi."

Vijana wa leo hamjui uzito wa neno fifi. Mtu amelima, amepalilia, amechuma pamoja na wanawe, kisha mgeni mwenye kaptula iliyopigwa pasi anaingiza mkono kwenye mzigo wake na kutamka neno moja. Nilipolitamka kwa Mayu Ngolo, mama mjane aliyeishi jirani na kituo, aliniuliza, "Ng'wana wane, mwanangu, hata mvua nimeileta mimi?" Tangu siku hiyo hakuitikia salamu yangu, na wenzake wakamfuata. Kazi ilinichosha, lakini upweke ulinichosha zaidi.

Nilipanga nyumba moja na Fundi wa mashine za kuchambua pamba, mtu wa Maswa. Alikuwa na gitaa ambalo nyuzi zake alizitoa kwenye waya wa breki ya baiskeli. Akanifundisha kila Jumapili tukitoka kanisani. Vidole vilivimba, vikapasuka, vikaota sugu. Nikipiga, yeye hufumba macho. "Fifi, Karani. Rudia." Ilikuwa hivyo miezi mingi. Siku aliyosema "Safi," nilicheka peke yangu njia nzima hadi kisimani. Sikujua kama mtu mzima anaweza kuanza jambo upya na likamkubali.

Msimu ulipofungwa, wakulima walikusanyika uwanjani nami nikawapigia gitaa. Kidole kiliteleza mara moja tu. Mayu Ngolo akapaza sauti, "Fifi!" Uwanja mzima ukaangua kicheko, nami nikacheka hadi machozi. Akanisogelea.

"Imekuuma?"

"Imeniuma, mayu."

"Haya. Mwadila." Ilikuwa salamu yake ya kwanza kwangu tangu nilipoiita pamba yake fifi.

Kesho yake Katibu aliniita. "Karani anayechekwa hawezi kukataa pamba ya mtu. Mshika mawili moja humponyoka. Chagua, gitaa au mizani."

Nilikuwa na mke na watoto wawili niliowaacha kijijini kwetu, wakitegemea mshahara wangu. Nikachagua mizani. Nilihamishiwa Kasoli, kisha Maswa, chini ya Mameneja ambao leo sikumbuki hata sura zao. Nilisifiwa kwa macho makali. Sikushika gitaa tena mpaka nilipostaafu.

Sasa ninalo, lenye nyuzi za dukani. Vidole vimekakamaa na mgongo hauvumilii kigoda. Mnaniuliza kama najuta, ndiyo, najuta. Fundi tulishamzika, na Mayu Ngolo pia. Nikikosea, wajukuu hunipigia makofi kwa heshima. Basi nangoja kidogo, kisha najisemea mwenyewe: fifi, Karani. Rudia.