Kompyuta ya Malongo Iliyoganda

Malongo, bwana mifugo mstaafu wa Nyakahura, alikuwa na kompyuta ya mezani sebuleni kwake, na kwa kuwa ndiyo pekee kitongojini, watu walimwona mtaalamu. Naye hakuwakatalia. Aliandika mihtasari ya kamati ya maji na ratiba za misiba, kwa vidole viwili, mdomo wazi kidogo, na akiulizwa asilolijua alijibu kwamba hilo linategemea mfumo.

Jumamosi moja asubuhi kompyuta iliwaka, ikaonyesha nembo ya kiwanda, ikaganda papo hapo. Malongo akaenda kunywa chai, akarudi, akaikuta nembo ile ile inamtazama. Akazima, akawasha, vile vile. Mkewe Yuster alipita na beseni la nguo, akauliza kuna nini. Malongo akamjibu kwamba ni masuala ya kiufundi.

Masuala ya kiufundi yenyewe yalikuwa haya: alifungua boksi la mashine, akapuliza vumbi mpaka chafya zikamwandama, akakaza kila waya aliouona umelegea, kisha akaweka kiganja juu yake kama anayepima homa. Alipomaliza kulifunga, skrubu moja ilibaki mezani. Akaitia mfukoni kabla Yuster hajaiona. Nembo ikaja, ikaganda.

Ndipo akakata shauri kwamba tatizo ni umeme, na mwenye kosa ni jirani yake Bigirimana, fundi wa kuchomelea mageti. Akavaa shati la heshima, akaenda kumweleza, taratibu, jinsi mashine yake inavyonyonya nguvu ya mtaa mzima. Bigirimana, mtu mpole, hakubishana. Alizima mashine, akaketi na wateja wake, wakangoja. Malongo akakimbia nyumbani, akawasha. Nembo. Aliporudi kuwaruhusu waendelee na kazi hakuwa na uso wa kusema imekataa; alisema hali inaridhisha.

Mchana, kiburi kikiwa kimeshuka kidogo, alimpigia simu Marcel, aliyefanya naye kazi zamani na sasa anakaa Ngara mjini. Kompyuta ya Marcel nayo iliwahi kumsumbua. Alimshauri achomoe kila kitu cha nje, abakize skrini tu, kisha awashe.

"Halafu urudishe kimoja kimoja," Marcel alisema. "Kitakachoigandisha tena, hicho ndicho mchawi."

Malongo akachomoa printa, mausi, flashi ya nyimbo za kwaya na kibodi. Akawasha. Nembo ikaja, ikapita, na picha ya fahali wake ikajaa skrini nzima. Akarudisha printa, akazima na kuwasha, salama. Mausi, salama. Flashi, salama. Alipochomeka kibodi, ikaganda.

Aliipindua ile kibodi juu ya meza. Yakadondoka maganda ya karanga. Kitufe kimoja cha pembeni kilikuwa kimezama, hakinyanyuki, kimeshikwa na asali iliyokauka. Ni yeye mwenyewe aliyekuwa akichovya karanga katika asali hiyo, kila anapoandika, baada ya kuwakataza watu wote wa nyumba ile kusogeza hata kikombe cha maji karibu na kompyuta.

Alikaa chini. Miaka yote ya kazi yake, mfugaji alipomletea habari za ng'ombe aliyelala asinyanyuke, swali lake la kwanza lilikuwa: amekula nini? Akacheka peke yake mpaka Yuster akaja kutazama.

"Nilimtafuta mchawi kwa Bigirimana," alimwambia, "kumbe mchawi anakula kwangu, tena anapenda vitamu."

Jioni alikwenda kuomba radhi. Alieleza yote, hata ile skrubu. Bigirimana alisikiliza, akavua miwani yake ya kuchomelea, akauliza kama asali hiyo imebaki. Malongo akasema ipo nusu chupa.

"Basi ilete kwangu, mzee," alisema Bigirimana. "Mimi sina kompyuta."

Kesho yake Malongo alibandua vitufe, akavifuta kwa kitambaa cha maji ya uvuguvugu, akavirudisha. M na N alizipachika kila moja mahali pa mwenzake. Na kwa kuwa yeye huandika akitazama vidole, si skrini, kamati ya maji ikapokea muhtasari wa "Nkutamo wa Kanati ya Naji". Mwenyekiti aliusoma hivyo hivyo, kwa sauti, bila kucheka. Malongo akanyoosha mkono kabla hajaulizwa, akasema mtaalamu wao ndiye huyu, na kama kuna mwenye kalamu amwazime.